Nati ya Juu Kwanza

Kwenye gari la babangu kuna kadi ya sevisi, ile ngumu ya manjano wanayokupa dukani ukinunua oili. Mstari mmoja kwenye kadi hiyo niliuandika mimi kwa kalamu ya bluu: "Transfa, oili mpya, 212,000." Mwandiko ni wangu. Uongo pia ni wangu.

Gari lenyewe ni Toyota Prado, umbo lile la miaka ya tisini, ambalo baba alilinunua likiwa limeshachoka mikononi mwa wengine. Nyumbani ni Kinangop Kusini, kaunti ya Nyandarua, na mvua ya Aprili ikishika huko, barabara inageuka uji. Gari huko si la mtu mmoja. Linabeba viazi, linabeba jirani aliyeshikwa na uchungu saa nane usiku, linabeba jeneza. Karibu kila mtu pale kwetu ameshawahi kuipanda ile Prado, na hakuna aliyewahi kuinama kuangalia chini yake kuna nini.

Chini yake kuna transfa kesi. Ni boksi la chuma lililoshikana na giaboksi kwa nyuma, na kazi yake ni kugawa nguvu ya injini iende magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukizama kwenye matope na kuvuta ile gia fupi iliyo kando ya gia kubwa, hilo boksi ndilo linalokutoa. Lina oili yake peke yake, nzito, na kwenye magari mengi ya aina hii haifiki lita mbili.

Shida ni kwamba oili hiyo haijitangazi. Ya injini ikiisha taa nyekundu inawaka, na hata kabla ya hapo kuna kijiti cha kupimia ambacho mtoto anaweza kuchomoa. Transfa haina kijiti. Kujua hali yake lazima uegeshe gari mahali tambarare, uzime, ulale chini, ufungue nati ya kujazia na utie kidole. Oili ikigusa mdomo wa tundu, sawa. Ikiwa imeshuka, kuna mahali inavuja. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usipolala chini, hujui chochote.

Ndiyo maana ni mahali pazuri sana pa kudanganyia.

Ilikuwa hivi. Baba alimleta Mama kliniki Nairobi, akaniachia gari wiki moja nilifanyie sevisi. Akanipa 3,500 za transfa pekee, oili na kazi ya fundi, kwa sababu kule kwetu matope hayajui kwamba gari ni zee. Oili ya injini ilibadilishwa. Ya transfa fundi alisema nirudi kesho. Kesho yake mwenye nyumba alipiga simu mara nne. Pesa ikaenda rent. Jioni nikachukua kalamu.

Kuna jambo ambalo baba hakulijua wakati huo: nilikuwa nimeshaacha chuo. Mwaka wa tatu, katikati, niliacha tu kwenda. Karo ya semista iliyofuata ilikuja kwa M-Pesa kama kawaida nami nikaila kama kawaida. Nilikuja kumwambia baada ya miezi minne, na si kwa ushujaa. Jina langu lilikuwa limekosekana kwenye orodha ya mtihani, na binamu yangu anasoma pale pale.

Kwa hivyo nina uongo wa aina mbili. Mmoja mkubwa, mwingine wa shilingi 3,500. Na kwa zaidi ya miaka miwili ni ule mdogo ulioninyima usingizi. Manze, nilijiuliza sana kwa nini.

Kabla sijaacha chuo nilisoma falsafa semista moja, na kitu nilichotoka nacho ni ile hadithi ya pete ya Gyges kwenye kitabu cha Plato. Mchungaji anaokota pete, akiizungusha haonekani. Anaingia ikulu, anamchukua malkia, anamuua mfalme, anatawala yeye. Swali la hadithi ni hili: ukimpa mtu mwema pete hiyo na mtu mbaya nyingine, kweli utaona tofauti? Darasani tulicheka sana. Kila mtu alikuwa anaingia benki. Hakuna aliyesema, "Mimi ningeacha kubadilisha oili halafu niseme nimebadilisha."

Lakini hiyo ndiyo pete tuliyo nayo. Fundi wa bomba analo lile eneo nyuma ya ukuta. Mpishi ana jikoni mlango ukifungwa. Mimi naandikia watu makala, na mteja akiuliza kama nimesoma ripoti yote nasema ndiyo. Mji mzima umesimama juu ya nati ambazo hakuna aliyezifungua kuangalia. Aprili 2016, usiku wa mvua, jengo la kupangisha lilianguka Huruma, hapa Nairobi, likaua makumi ya watu. Mpangaji gani hupima chuma kilicho ndani ya nguzo kabla ya kulipa dipoziti? Unaangalia rangi, unafungua mfereji, unauliza kama maji hukatika. Mengine unamwachia mtu usiyemjua.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini ufa unaonekana. Anayeupita ameuona, na majirani wameuona pia. Methali hiyo haisemi kitu juu ya uharibifu usio na ufa. Walisema pia njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya kilomita 29,000, milima na matope, abiria ndani.

Juzi baba aliniachia tena gari, geji ikisoma 241,000. Nilikuwa nimelipwa pesa ya makala, nikanunua oili kwa pesa yangu na kumpelekea fundi mwingine. Nililala chini naye. Nikaenda moja kwa moja kwenye nati ya chini, ile ya kumwagia, akanishika mkono.

"Kijana, ya juu kwanza. Ukimwaga halafu ya kujazia ikatae kufunguka, hili gari litalala hapa."

Ya juu ilikuwa imeshikwa na kutu na matope makavu. Aliingia na spana ya 24, akaongeza bomba kwa nyuma, ikalia, ikaachia. Akatia kidole, akakitoa, akaniangalia.

"Nani alikudanganya hii ilibadilishwa?"

Sikujibu. Tuliifungua ya chini. Oili ilitoka nyeusi, ina harufu ya kuungua, na kwenye beseni ilimetameta kidogo, vumbi la chuma. Akaitazama kwa muda, akaifikicha kati ya vidole. Hakukuwa na vipande. "Mko na bahati," akasema. "Gia bado ziko."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angepumua na kwenda zake. Hakuna aliyeumia. Gari halikukwama na mtu mgonjwa ndani. Rafiki yangu nilipomsimulia alisema, "Si linatembea? Basi hakuna kesi." Na nakubali, hoja yake si ya kijinga. Kama kosa ni madhara, na madhara hayakutokea, kosa liko wapi?

Nimelifikiria, na naona anachanganya bahati na haki. Kila usiku baba alipotia gia ile fupi na kuingia kwenye matope akiwa na mtoto wa jirani anayehara, alikuwa anaamua kwa kutegemea mstari wa kalamu ya bluu. Labda angejua ukweli angeendelea tu. Labda angeenda kuazima trekta. Mimi nilimnyima nafasi ya kuamua, na hiyo niliichukua siku ile ile nilipoandika. Chuma kuvunjika au kutovunjika ni habari ya baadaye, na si yangu kujisifia.

Nadhani ndiyo sababu uongo mdogo uliniuma zaidi. Ule wa chuo ulijifichua wenyewe, mimi nikajifanya nimeungama. Huu wa oili haungefichuka kamwe. Nilishaweka oili mpya. Fundi yeyote angefungua kuanzia sasa angesema kila kitu kiko sawa. Ushahidi wote ulikuwa kwenye beseni, na fundi alikuwa ameshaumwaga ndani ya mtungi wake wa oili chafu.

Fundi alifunga ya chini kwa washa mpya, akapampu oili kwa mkono mpaka ikaanza kuchuruzika tundu la juu, akangoja itulie, akafunga. Mimi nilikuwa bado nafikiria maneno yake. Kabla hujamwaga, hakikisha unaweza kujaza. Nilipomwambia baba habari ya chuo nilimwaga tu. Nilitaka kitu kinitoke kifuani, nikakitoa, nikamwacha yeye mkavu, anageuza kikombe cha chai mezani bila kunywa. Sikuwa na mpango, sikuwa na shilingi ya kurudisha, sikuwa na hata neno la kesho. Kuungama kwa namna hiyo kunampunguzia mzigo anayeungama, basi.

Safari hii nilijaza kwanza. Nikapanda na gari hadi nyumbani, na jioni nikampa kadi pamoja na 3,500.

"Baba, huu mstari niliuandika bila kubadilisha. Pesa nililipa rent. Leo nimebadilisha kweli."

Alivaa miwani, akasoma kadi kama hajawahi kuiona. Aliuliza gari lilikuwa na kilomita ngapi, akafanya hesabu kimya. Nilijua anapitia zile safari moja moja.

"Usiku ule wa Mama Shiku," akasema, kisha akanyamaza.

"Ndiyo, Baba."

Pesa aliikunja akaiweka mfukoni. Sikuwa nimetarajia aikatae.

"Hiyo nati inafunguliwa na spana namba ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Unayo?"

Nilikuwa nimenunua. Nikaenda kuitoa kwenye gari.

"Iache hapa," akasema.

Nimeiacha. Hakusema tutafungua pamoja, na sikuuliza. Nadhani maana yake ni kwamba kuanzia sasa atalala chini mwenyewe, na umri wake ule, kutia kidole na kuangalia. Ana haki. Kusema ukweli hakujanirudishia nafasi niliyokuwa nayo kwake. Nilichopata ni kwamba akifungua ataikuta oili, imefika mdomoni mwa tundu.