Je, Mungu Aliona?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Funzo Hili: Mwa. 1:29–31, Zab. 104:10–30, Isa. 11:6–9, Mt. 10:29–31, Rum. 8:18–23, 1 The. 4:13–18.

Mwezi wa Desemba, shule zilipofungwa, baba mmoja wa Moshi aliwachukua watoto wake wawili kwenda kutembelea Ngorongoro. Safari hiyo aliipanga mama yao. Yeye ndiye aliyeanza kuweka akiba, noti moja moja, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Lakini mama hakusafiri. Alikuwa amelala mauti tangu mwezi wa Mei, na baba aliona vyema kuitimiza ahadi yake kwa watoto.

Walipita Mto wa Mbu, mahali ambapo migomba imesongamana na ndizi nyekundu huuzwa kando ya barabara. Wakapanda ukuta wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara likaonekana chini likimetameta. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, na mashamba ya Karatu yalikuwa kijani kibichi. Wakalala hapo. Asubuhi ya Ijumaa waliingia katika lango la Lodoare, wakapita msitu wenye ukungu, kisha wakasimama ukingoni. Mita 600 hivi chini yao ilitandazwa nchi nzima yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260: nyika, msitu na ziwa, vyote vimezungukwa na ukuta wa mlima. Kaka mtu, mwenye miaka kumi na minne, alisema neno moja tu: “Edeni!”

Huko chini waliwaona tembo katika msitu wa Lerai, chini ya migunga yenye magome ya manjano. Waliwaona viboko wa Ngoitokitok, na heroe wa rangi ya waridi katika maji ya Ziwa Magadi. Walimwona hata faru mweusi kwa mbali. Watoto walicheka kama walivyokuwa hawajacheka kwa miezi mingi.

Kisha dereva akazima gari. Simba jike alikuwa ameinama katika majani. Mambo yalikwisha kwa muda mfupi sana. Pundamilia wote walikimbia isipokuwa mtoto mmoja. Baada ya hapo, pundamilia mmoja jike alirudi hatua chache, akasimama, akaita.

“Baba,” binti wa miaka tisa akauliza, “Mungu aliona?”

Baba alifahamu kwamba swali lile halikuwa la pundamilia peke yake. Hakuweza kujibu. Saa tisa alasiri walianza kupanda kutoka bondeni ili waipokee Sabato wakiwa wametulia huko Karatu.

Soma Zaburi 104:10–30. Je, mtunzi wa Zaburi anataja mambo gani ya kufurahisha katika uumbaji? Anataja jambo gani la huzuni?

Mara nyingi tunapotazama uzuri wa asili tunasoma nusu ya ukurasa. Tunawaonyesha watoto ua na ndege, tunasema, “Tazameni upendo wa Mungu,” na tunasema kweli. Lakini mtoto ana macho. Atamwona simba pia. Tukinyamaza hapo, anaweza kudhani kwamba imani yetu ni ya siku nzuri tu.

Mtunzi wa Zaburi hakunyamaza. Wimbo unaosifu chemchemi, mierezi na korongo unasema pia kwamba viumbe hufadhaika, huondolewa pumzi na kurudi mavumbini (fungu la 29). Tena wimbo huo unasema wana-simba huomba chakula chao kwa Mungu. Hata hivyo, hapo mwanzo haikuwa hivyo. Katika Mwanzo 1:30 kila mnyama alipewa majani mabichi awe chakula chake, na ndipo Mungu akaona kwamba yote ni mema sana. Kifo hakikuwemo katika wema huo. Kiliingia kwa njia ya dhambi, na viumbe vyote, asema Paulo, vinaugua pamoja nasi. Basi simba anayelishwa leo anatuambia mambo mawili: dunia imeanguka, na Mungu hajaitupa.

Soma Mathayo 10:29–31. Yesu anasema nini kuhusu shomoro? Ni jambo gani ambalo hakulisema?

Yesu alimchagua ndege wa bei ndogo kabisa sokoni. Hakusema kwamba shomoro haanguki. Alisema kwamba haanguki pasipo Baba kujua. Kama Mungu humwangalia hata shomoro, hakuna kaburi asilolijua. Naye aliyesema hivyo hakubaki mbali akitazama mateso yetu. Alikwenda Kalvari, akaingia mwenyewe katika mauti.

Jioni ile jua lilipotua, baba alifungua Biblia kwenye mafungu hayo, kisha akasoma Isaya 11. Akamwambia binti yake, “Mwanangu, mchana sikukujibu. Mungu aliona.”

“Na Mama je?”

“Na Mama pia. Anajua alipolala, naye atamwamsha.”

Machozi hayakukauka usiku ule. Ila zamu ya binti ya kuomba ilipofika, alimwombea yule pundamilia aliyebaki akiita. Tangu mwezi wa Mei, hilo lilikuwa ombi lake la kwanza kwa sauti.

Maswali ya Kujadili:

1. Baba alichelewa kujibu hadi alipofungua Neno. Je, ni wakati gani kunyamaza kwanza ni hekima, na ni wakati gani ni kukwepa?

2. Ungemjibuje mtoto, au jirani asiyeamini, anayesema kwamba ukatili wa porini unathibitisha kwamba Mungu hayupo? Tumia Mwanzo 1:30, Warumi 8:18–23 na Isaya 11:6–9.

3. Katika kanisa lenu, ni nani aliyefiwa mwaka huu ambaye watu wameacha kumtembelea? Darasa lenu litamfanyia nini kabla ya Sabato ijayo?