MTOTO WAKO NA MPIRA: NANI ANAMPA PUMZIKO?



Hapa Lubumbashi mpira uko katika kila lupango. Mazembe, iliyoanzishwa na wamisionari Wabenedikto mwaka 1939, imetwaa kombe la Afrika la vilabu mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya vilabu, kule Abu Dhabi. Ni ajabu gani basi watoto wetu wakiota mpira usiku na mchana?

Mpira si dhambi. Unafundisha mtoto kutii, kushirikiana na wenzake, na kuvumilia anaposhindwa.

Lakini tuangalie juma lake. Asubuhi masomo, mchana mazoezi. Siku ya posho mechi. Siku ya Mungu, baada ya ibada, mechi tena. Anarudi usiku, anakula bukari baridi peke yake. Tunalala naye nyumba moja, lakini habari zake anazijua kocha.

Tujiulize: mtoto huyu anacheza kwa ajili ya nani? Maisha ni magumu, na wazazi wengine wanatazama miguu ya mtoto kama mkulima anavyotazama shamba. Akirudi, neno la kwanza ni: "Mmeshinda?" Hapo mchezo umegeuka kazi, na mtoto hapumziki hata akiwa kitandani.

Tusome tena amri ya pumziko, Kutoka sura ya 20. Mungu anasema na mwenye nyumba, na hapohapo anataja mwana wake na binti yake. Basi pumziko la mtoto haliko mikononi mwa kocha. Sisi wazazi ndio tutaulizwa.

Mwingine atasema: "Nikimzuia, wenzake watampita." Inawezekana. Lakini watakaofika Mazembe ni wachache sana, na karibu wote watakuwa baba na mama. Kazi hiyo watajifunza wapi, kama si jioni nyumbani?

Kwa hiyo kila nyumba ichague jioni moja ya juma isiyo na mazoezi wala mechi. Kocha aelezwe mapema, kwa heshima. Baba naye abaki nyumbani, maana mtoto hawezi kupumzika na baba asiyekuwepo. Wote wale pamoja, wazungumze, wasali. Na jioni hiyo mtu asimwulize mtoto kama ameshinda.

Mungu abariki nyumba zenu. Amina.