Kisanduku Kimejaa, Daftari Tupu

Mwanangu, kaa hapa kidogo, chai bado haijachemka. Nimeona ulichonitumia asubuhi. Wakala wako wa akili mnemba amefungua ukurasa, amejaza jina, simu na anwani, amebonyeza kitufe cha kutuma, na ukurasa ukamrudishia maandishi mekundu kwamba jina halijajazwa. Jina lipo, unaliona kwa macho yako mawili. Na usiku kucha hukulala.

Sikulaumu. Jason Huggins alianzisha Selenium mwaka 2004, akiwa ThoughtWorks kule Chicago, nayo ilifanya kazi zake kwa JavaScript kutokea ndani ya ukurasa. Simon Stewart akaja na WebDriver, inayokiendesha kivinjari kutoka nje. Ikafuata Puppeteer mwaka 2017, Playwright mwaka 2020, na sasa mawakala wenu hawa wanaosoma skrini na kuamua wenyewe. Vyombo vimebadilika mara ngapi! Lakini kila kizazi nakiona kikijikwaa kwenye kisiki kilekile: mtu anadhani kuweka maneno kisandukuni na kuyaandika ni jambo moja.

Ghala la sokoni unalijua. Ukipitisha gunia la mchele mlango wa nyuma ukaliegemeza ukutani karani asikuone, gunia litakuwepo, lakini jioni daftari litasema leo hakikuingia kitu, na wakati wa hesabu linalosikilizwa ni daftari. Kurasa nyingi za leo, hasa zilizojengwa kwa React, zina karani wa aina hiyo. Hakitazami kisanduku, anangoja kuambiwa. Ukibadilisha thamani kwa msimbo bila kutangaza tukio la input, kwake hakuna kilichotokea. Tena huyu wa React ni mgumu: hata ukitangaza, kama thamani uliibadilisha kwa njia ya kawaida ya msimbo, atailinganisha na aliyonayo, aone ni ileile, anyamaze.

Kwa visanduku vingi, fill ya Playwright inatosha, maana hujaza na kumtangazia karani. Lakini kuna visanduku vinavyosikiliza kidole chenyewe, kikishuka na kikiinuka, kama kile cha kutafuta mji kinachoshusha orodha kadiri unavyoandika. Hapo ndipo penye kazi ya pressSequentially, herufi baada ya herufi. Usiitumie kila mahali; mchele uliokwisha kupetwa haupetwi tena. Wala usitunge matukio ya kibodi kwa JavaScript ndani ya ukurasa ukitumaini kivinjari kitadanganyika. Kila tukio lina alama iitwayo isTrusted, na lile ulilolitunga wewe hupewa alama ya kutoaminika. Tab yako ya kutunga haitakuhamishia kisanduku kinachofuata. Pita mlangoni, ubonyeze kupitia kivinjari chenyewe.

Sasa nikwambie lililonifika mimi. Tulikuwa na programu ya kuwajibu wateja wa duka fulani kwa njia ya ujumbe. Barua yetu ilikuwa nzuri, yenye salamu, maelezo na shukrani, kila kimoja kwenye mstari wake. Tuliiandikisha kitufe kwa kitufe, na kila mwisho wa mstari ukawa Enter. Kwenye kisanduku cha ujumbe, Enter maana yake ni tuma. Wateja wakapata salamu peke yake, kisha maelezo, kisha shukrani, vipande vipande, kama mtu anayepakuliwa wali leo na mchuzi kesho. Mama mmoja alituandikia kuuliza kama tu wazima. Tulichohitaji ni Shift na Enter pamoja, au kuingiza maandishi yote kwa mkupuo. Siku mbili tuliomba radhi.

Kuna na Shift yenyewe. Mtu hutoa amri ya kuibonyeza, kazi inakatika katikati kwa hitilafu, na amri ya kuiachia haifikiwi kamwe. Kitufe kinabaki chini. Wakala anaendelea na herufi zake bila kujua, na kubofya kwake kwa kawaida kunageuka kubofya kwa Shift, kurasa zikafunguka kwenye madirisha mapya. Binadamu kidole chake kingechoka. Programu haichoki.

Na wakala wako, mwanangu, hujiamini kupita kiasi. Akisema amejaza, usimpokelee neno. Mpishi huonja mchuzi kabla ya kuupakua. Basi naye, kabla ya kubonyeza Enter, mfanye akisome tena kisanduku alichojaza na alinganishe na alichoagizwa.

Kunywa chai yako. Ukimaliza, fungua ule msimbo wa jana, utafute kila mahali ulipoibonyeza Shift, unionyeshe ulipoiachia.