Neno kwa Wagonjwa Wangojao Zamu, na kwa Jamaa Zao



Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya jambo tulisikialo karibu kila nyumba tuingiayo kuwazuru wagonjwa. Si habari ya ugonjwa wenyewe, bali ya kumngoja mganga. Mmoja asema amepangiwa tarehe ya kliniki baada ya miezi mitatu. Mwingine asema amekwenda mara mbili, wala hakumwona daktari bingwa. Wa tatu hanyanyui neno. Ameiweka barua yake ya rufaa chini ya godoro, wala hana nia ya kwenda tena. Watu hawa hutuuliza, kwa maneno au kwa machozi, kama Mungu anawaona. Nasi hatuwezi kuwajibu kwa kusema tu kwamba subira huvuta heri. Wazee wetu waliotuachia methali hiyo walituachia na ya pili, kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Zote mbili ni kweli, nasi imetupasa kuzipambanua.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, twasoma habari za birika la Bethzatha kule Yerusalemu. Palikuwa na matao matano, na chini yake walilala wagonjwa wengi, vipofu na viwete, wakiyangoja maji yatikisike. Mtu mmoja alikuwa katika ugonjwa wake miaka 38. Bwana Yesu alipomwona alimwuliza kama ataka kuwa mzima. Tazameni jinsi alivyojibu. Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Alieleza kwamba hakuwa naye mtu wa kumshusha majini, na kila alipojikokota kwenda, mwenziwe alimtangulia. Maumivu yake yalikuwa mawili: mwili usiotembea, na upweke kati ya watu wengi. Naye Bwana hakumkemea kwa kunung'unika, bali alimponya.

Basi na tuangalie kwanza kungoja kwetu kumetoka wapi, maana mtu asiyejua chanzo cha shida yake humlaumu asiyestahili lawama. Katika Tanzania njia ya mgonjwa imepangwa kama ngazi. Huanza katika zahanati ya kijiji, akapanda kwenda kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha ya kanda, na mwisho hospitali ya taifa. Mpango huu ni mwema. Umewekwa ili homa itibiwe karibu na nyumbani, na bingwa apate nafasi ya kuyashughulikia magonjwa yaliyowashinda wengine. Lakini kadiri ngazi ipandavyo, waganga huzidi kuwa wachache, na wagonjwa wa wilaya nyingi hukutana mbele ya mlango mmoja.

Mwaka wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilihesabu nchi 57 zilizopungukiwa sana na waganga, wauguzi na wakunga. Kati ya hizo, 36 zilikuwa za Afrika kusini ya Sahara, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka wa 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya; nchi nyingi zilishindwa kuitimiza ahadi hiyo. Kwetu mwaka wa 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali, mwaka wa 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi, na mwaka wa 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Twaishukuru sheria hiyo. Hata hivyo, sheria yaweza kumpunguzia mgonjwa mzigo wa malipo, bali haizai mganga kwa siku moja. Kijana aanzaye masomo ya udaktari husoma miaka mitano, hufanya mazoezi mwaka mmoja, na akitaka ubingwa huongeza miaka mitatu au zaidi.

Wala msidhani kwamba jaribu hili ni la nchi maskini tu. Uingereza ilianzisha huduma ya matibabu ya taifa mwaka wa 1948, ili mgonjwa asizuiwe kwa kukosa fedha. Lakini mwaka wa 2023, katika sehemu yake iitwayo England peke yake, matibabu yaliyokuwa yakingojewa yalipita milioni 7. Kumbe mali ya nchi hupunguza shida, lakini haiiondoi yote. Palipo na wagonjwa wengi na waganga wachache, pana kungoja. Na palipo na kungoja, pana majaribu ya moyo. Kwa habari ya majaribu hayo twataka kunena maneno matatu.

Neno la kwanza: subira ya Kikristo siyo kukaa kimya hata mauti. Yuko asemaye, "Nimepewa tarehe, Mungu akipenda nitafika," na huku ugonjwa wake unabadilika kila siku. Huyo hamngojei Mungu, anaingojea karatasi. Mwaka wa 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya vifo vya akina mama wazazi, wakaonyesha machelewo matatu. La kwanza ni kuchelewa nyumbani kuamua kwenda hospitali. La pili ni kuchelewa njiani. La tatu ni kuchelewa kuhudumiwa mtu akiisha kufika. Sisi twalilaumu sana la tatu, nasi tuna haki. Lakini la kwanza limo mikononi mwetu, na la pili pia kwa sehemu yake.

Kwa hiyo waalimu na wainjilisti wawafundishe watu dalili zisizongoja tarehe. Mwanamke mja mzito akitokwa damu, au akiumwa sana na kichwa na macho yakaona giza, aende siku iyo hiyo. Mtoto asiyeweza kunyonya, atapikaye kila kitu, aliyeshikwa na degedege au asiyeamka, apelekwe saa ile ile. Mtu aliyebanwa kifua, au asiyeweza kuvuta pumzi, asingoje kuche. Mwanamke aliyekoma hedhi, kisha damu ikarudi, asiambiwe kwamba ni uzee tu, apimwe mapema. Hao wote, hata wakiwa na tarehe ya mwezi ujao mkononi, waende kwenye huduma ya dharura wakaeleze hali yao. Kufanya hivyo siyo kukosa imani. Jairo alikuwa mkuu wa sinagogi, lakini binti yake alipokuwa karibu kufa hakuona haya kuanguka miguuni pa Bwana na kumsihi sana.

Neno la pili: usiichukue zamu ya mwenzio. Hapa twanena kwa uchungu, maana jambo hili limeingia hata kwa watu wa meza ya Bwana. Mtu ana shemeji yake hospitalini. Ampigia simu, na asubuhi faili lake lawekwa juu ya mafaili mengine. Mwingine hukunja noti ndani ya kadi. Wote wawili hurudi nyumbani wakisema kwamba Mungu amewafungulia njia. Ndugu zetu, njia iliyofunguliwa kwa noti haikufunguliwa na Mungu. Zamu ya hospitali ni kama maji ya kisima wakati wa kiangazi: ndoo uliyoichota kwa hila imetoka katika ndoo ya mtu mwingine. Huyo mwingine humwoni. Labda ni bibi aliyetoka kijijini saa kumi ya usiku, amekaa kwenye benchi tangu alfajiri, na jioni aambiwa kwamba daktari amekwisha kuondoka, arudi wiki ijayo. Kule Bethzatha pia, aliyetangulia majini hakumjua yule aliyemwacha nyuma. Lakini Bwana alimjua.

Hata hivyo msimhukumu kila apitaye mbele. Hospitali huwapambanua wagonjwa kwa uzito wa hali zao, na aliye karibu kufa hutangulizwa, ijapokuwa amefika mwisho. Huyo hakuiba zamu. Amepewa haki ya mnyonge. Ukimwona mtoto amebebwa mbio kupita benchi lako, usinung'unike, bali mwombee. Siku moja yaweza kuwa ni mtoto wako.

Neno la tatu: uwe mtu kwa asiye na mtu. Hili ndilo kubwa, na kwa ajili yake hasa tumeandika. Katika usharika mmoja tuujuao palikuwa na mama mjane mwenye uvimbe kifuani. Alipewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Mara ya kwanza alipangiwa tarehe ya mbali. Mara ya pili aliambiwa kwamba bingwa amesafiri. Mara ya tatu chombo cha kupimia kilikuwa kimeharibika. Kila safari ilikula nauli ya basi na fedha ya chakula, hata akauza mbuzi wake. Baada ya hapo alikoma kwenda, wala hakumwambia mtu. Wanawake wa jumuiya yake walipogundua, hawakumpa pole na kuondoka. Walichanga nauli, wakamchagua mmoja wao ajuaye kusoma vizuri, afuatane naye. Huyo aliisoma barua, akauliza kwenye dirisha la kwanza, akauliza na la pili, hata ikaonekana kwamba mama yule alikuwa akiandikiwa katika kliniki isiyo yake. Aliangaliwa juma lile lile, naye hata sasa yu katika matibabu. Miezi aliyoipoteza haikurudi, nasi hatujui Bwana atamjalia siku ngapi. Lakini tangu siku ile hana haja ya kusema kwamba hana mtu.

Je, wanawake wale walifanya kazi ya mganga? La. Walifanya kazi ya wale wanne tusomao habari zao katika Injili ya Marko, sura ya 2, waliomchukua mwenye kupooza. Walipouona mlango umejaa watu, walipanda juu ya dari wakaifunua. Labda mtu atasema kwamba hao nao waliruka zamu. Lakini angalieni: hawakumsukuma mtu, hawakumhonga bawabu, wala hawakusema kwamba wao ni jamaa za mwenye nyumba. Walitafuta njia pasipokuwa na njia, kwa jasho lao wenyewe. Walibomoa dari, hawakumbomoa mwenzao.

Basi kila usharika na ufanye hivi. Kila jumuiya iwe na watu wawili au watatu wanaojua ni nani ana tarehe ya hospitali, na ni siku gani. Siku ile mgonjwa asiende peke yake, hasa mzee na asiyejua kusoma. Karatasi zake zote, kadi, barua ya rufaa na vyeti vya vipimo, ziwekwe katika mfuko mmoja, zisipotee wala zisinyeshewe. Wakristo wakaao karibu na hospitali kubwa wawape malazi wageni watokao mbali, maana wengi hulala barandani wakiingoja asubuhi. Mgonjwa akirudi bila kuhudumiwa, mwinjilisti amzuru jioni ile ile, kabla moyo wake haujakata tamaa.

Tena tusiogope kunena na wenye mamlaka, kwa heshima na kwa kweli. Zahanati na vituo vya afya vina kamati zenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Mkristo mwaminifu akichaguliwa, asikatae. Katika mkutano wa kijiji aulize kwa nini dawa zimekwisha, na kwa nini mganga mmoja afanya kazi ya watatu. Mjane yule wa mfano wa Bwana hakumtukana kadhi, wala hakumwacha. Kanisa letu nalo lina hospitali, na baadhi yake zimefanywa hospitali teule za wilaya kwa mapatano na Serikali. Kwa hiyo haki tuitakayo kwa wengine yatupasa tuidumishe na katika milango yetu.

Nanyi waganga na wauguzi mlio wana wa sharika zetu, twajua mnavyochoka. Mtu mmoja awaangaliaye wagonjwa themanini kwa siku hawezi kumpa kila mmoja nusu saa. Lakini neno moja halihitaji nusu saa. Mgonjwa aliyeambiwa kweli, kwamba leo haiwezekani, na kwa sababu gani, na aje siku gani, huondoka akiwa mtu. Aliyeachwa kwenye benchi bila neno huondoka kama mzigo uliosahauliwa.

Mwisho, ninyi mnaongoja hata leo. Hatutawaambia kwamba Mungu ndiye aliyevunja chombo cha kupimia, au kwamba ndiye aliyeuficha upungufu wa waganga. Hayo ni ya wanadamu, na wanadamu watatoa hesabu yake. Lakini twawaambia hili: Jairo alipokuwa njiani pamoja na Bwana, alicheleweshwa kwa ajili ya mwanamke mgonjwa wa miaka 12, na katika kuchelewa kule ikaja habari kwamba binti amekufa. Hakuna saa iliyo chungu kuliko ile. Hata hivyo Bwana hakumwacha Jairo barabarani, akatembea naye mpaka nyumbani, mpaka chumba alimolala mtoto. Huyo ndiye Bwana wenu. Hana mlango ambao hamjafikiwa zamu, wala hawapangii tarehe ya mbali wamwitao.

Ee Bwana, uliyemwona mtu wa Bethzatha kati ya wengi, uwaone wagonjwa wetu walio kwenye benchi, barandani na vitandani mwao. Uwape waganga nguvu, uwape watawala moyo wa haki, utuondolee tamaa ya kumtangulia mnyonge. Nasi utufanye watu kwa wasio na mtu. Amina.