Haraka Isiyomdharau Mgeni

Huku kwetu Kilifi na Malindi, heshima ya mgeni hupimwa kwa muda aliokaa mwenyeji jikoni. Hodi ikipigwa saa nne, hesabu huwa ya wali wa nazi na samaki wa kupaka: nazi ikunwe, tui likamuliwe, mkaa upepewe, na mama mwenye nyumba asionekane sebuleni hadi adhuhuri. Mgeni hushiba, lakini yule aliyemjia hakumwona. Ndiyo maana naitetea sahani ndogo ya kuanzia, ya jibini mbichi na embe lililokatwa papo hapo, inayokuwa tayari kabla mgeni hajamaliza kuulizia habari za nyumbani. Wali utakuja kwa wakati wake, mazungumzo yakiwa yameshaanza.

Najua nitatupiwa methali ya haraka na baraka. Methali hiyo humkanya anayekimbiza jambo lisilokuwa tayari. Dafu huanguliwa, likakatwa kwa panga na kukabidhiwa mgeni, na hakuna anayelalamika kwamba amedharauliwa. Tende na kahawa chungu nazo hazingoji adhuhuri. Hata Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa kabla ya kusogea Malindi, sultani alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, ndimu na miwa (urafiki wao uliharibika upesi, lakini kosa halikuwa la matunda). Embe lililoiva limekwisha kufanyiwa kazi na jua na mvua kwa miezi. Anayelikata tu si mvivu.

Pingamizi zito zaidi ni la jibini yenyewe: ati ni chakula cha Waitaliano, waliozidi kuja Malindi tangu mradi wa roketi wa San Marco ulipoanza Ngomeni miaka ya 1960, na mahali pake ni hotelini. Jibini ya kukomazwa kwa miezi, sawa, hiyo waachiwe wenyewe. Jibini mbichi haihitaji ghala wala fundi. Maziwa huchemshwa, yakaepuliwa, yakakamuliwa ndimu kidogo kidogo mpaka yakatike, kisha yakamiminwa kwenye kitambaa safi na kuning'inizwa yachuje. Wahindi hutengeneza yao kwa njia hiyohiyo. Kinachogandisha ni ndimu, si kimeng'enya cha tumbo la ndama, hivyo swali la halali haliingii. Ikifanywa usiku, asubuhi kazi iliyobaki ni ya kisu. Embe la ngowe huifaa kwa utamu, papai kwa ulaini, na chembe ya chumvi na pilipili ya unga huvipatanisha. Nanasi la Magarini lina hila yake: kimeng'enya chake huvunja protini ya maziwa, na vikikaa pamoja jibini hulegea na kuwa chungu. Hilo likatwe mgeni akishaketi.

Bei ya maziwa ni hoja ya kweli, maana lita moja hutoa gramu 150 hivi tu. Ila hii ni sahani ya kuonja, vipande viwili vitatu kwa kila mtu, na msimu wa Disemba ukifika maembe huoza mashambani kwa kukosa mnunuzi. Asiyepatana na maziwa, na watu wazima wengi tumbo huwasumbua, apewe embe bichi la chumvi na pilipili. Wanaolichanja na kuliuza ufukweni mara nyingi ni wanaume, kwa visu na ndoo zao, kwa hiyo sioni kwa nini sahani ya nyumbani imngoje mwanamke atoke jikoni.