Paulo Awaaga Wazee wa Efeso, Nasi Twamuaga Padre Wetu



Habari za uhamisho wa Padre wetu zimekwisha kufika kila nyumba, hata zile zisizotia mguu kanisani toka Pasaka. Askofu ameandika, Padre amekubali, na mwisho wa mwezi huu ataondoka. Tangu barua ile isomwe kanisani nimesikia maneno mengi, mengine njiani, mengine kwenye ghala la chama cha msingi tukingoja kupimiwa korosho. Wako wanaosema watamfuata huko aendako. Wako walioanza kukusanya sahihi ili Askofu abadili nia. Na yuko mmoja aliyesema wazi kwamba ahadi yake ya mabati aliitoa kwa ajili ya Padre, wala si kwa ajili ya kanisa, na kwa hiyo Padre akiondoka ahadi nayo inaondoka.

Mhariri aliponiomba niandike mafundisho ya mwezi huu, sikuona somo jingine la kufaa ila Matendo ya Mitume, sura ya 20, kuanzia mstari wa 17 hadi mwisho wa sura. Tafadhali chukua Biblia yako, usome kwanza, kisha urudi hapa. Nitakungoja.

Paulo alikuwa safarini kwenda Yerusalemu, naye alitaka kufika kabla ya Pentekoste kama ikiwezekana. Meli ilipofika Mileto alituma watu Efeso wawaite wazee wa kanisa. Kutoka Mileto hadi Efeso ni zaidi ya kilometa 50 kwa barabara. Hapakuwa na simu wala basi. Mjumbe alikwenda, akawakuta wazee katika shughuli zao, wengine dukani, wengine shambani, nao wakaacha kazi wakaja. Watu hawatembei mwendo kama ule kwa ajili ya mtu waliyemzoea tu. Paulo alikuwa amekaa kwao yapata miaka 3, muda mrefu kuliko mji mwingine wowote tunaosoma habari zake katika safari zake za Injili. Alianza kufundisha katika sinagogi kwa miezi 3, akapingwa, akahamia darasa la Tirano, akaendelea huko miaka 2. Kutoka mji ule aliwaandikia Wakorintho Waraka wa Kwanza. Na ni mji ule ule ambao mafundi wa fedha, wakiongozwa na Demetrio, waliufanyia ghasia mahubiri yake walipoona biashara yao ya vihekalu vya Artemi inataka kuanguka.

Sasa tazama jinsi alivyoaga. Sisi tuna desturi ya risala. Mimi nimeandika risala nyingi katika maisha yangu, za walimu wakuu, za wakaguzi wa elimu, hata za wakuu wa wilaya, na najua zinavyokwenda: tunahesabu vyumba vilivyojengwa, mabati yaliyoezekwa, madawati, visima, halafu tunamalizia kwa kuomba. Paulo angeweza kuhesabu mengi. Lakini ukiyasoma maneno yake huoni jengo hata moja. Anahesabu machozi. Anawakumbusha kwamba usiku na mchana hakuacha kumwonya kila mtu huku akilia, kwamba alifundisha hadharani na nyumba kwa nyumba, kwamba hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu, na kwamba mikono yake mwenyewe ilimpatia mahitaji yake na ya wenzake. Tukumbuke kwamba kazi yake ilikuwa kushona mahema.

Nimewaza kama sisi tungetakiwa kuandika risala ya namna hiyo kwa Padre wetu tungeandika nini. Nadhani tungeandika juu ya baiskeli yake kwenye mchanga wakati wa kiangazi, akienda kutoa Komunyo katika makanisa ya pembeni yenye watu 12. Tungeandika juu ya wagonjwa. Kuna mzee mmoja kati yetu, ameugua siku nyingi, naye aliniambia kwamba haogopi kufa, ila anaogopa kuzikwa na padre asiyelijua jina lake. Sikuweza kumjibu kwa haraka, wala sidhani kwamba neno lile linastahili kujibiwa kwa haraka.

Kwa maana huzuni yenyewe si kosa. Mtu asije akawaambia akina mama waliolia Jumapili ile kwamba wamepungukiwa na imani. Wazee wa Efeso walilia sana, wakamwangukia Paulo shingoni, wakambusu, na Luka anatuambia kilichowachoma zaidi: alikuwa amewaambia kwamba hawatamwona uso tena. Hawakuhuzunika kwa sababu ya mafundisho, maana mafundisho walikuwa nayo. Walihuzunika kwa sababu ya uso. Kama Mungu alitaka kutuokoa kwa vitabu tu angetuma vitabu. Alimtuma Mwana, akiwa na uso na jina na mama, na tangu hapo amezoea kutufikia kupitia watu. Ndiyo maana kuagana kunauma.

Lakini karatasi ya sahihi ni jambo jingine. Wazee wale walilia, wakapiga magoti wakaomba pamoja, halafu wakamsindikiza mpaka melini. Hawakukata kamba za meli.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, juu ya mstari wa 32. Mtu anayeondoka kwa kawaida humkabidhi mwenzake kazi: shika funguo, tunza shamba, usiliache kanisa likaanguka. Ni kweli kwamba mistari michache nyuma Paulo amewaagiza wazee wajitunze na kulitunza kundi. Lakini anapofika kwenye kukabidhi hasa, anageuza. Hawakabidhi wazee neno la Mungu kana kwamba neno ni mtoto yatima. Anawakabidhi wao kwa Mungu na kwa neno la neema yake, kwa sababu hilo ndilo lenye uwezo wa kuwajenga. Yaani aliyekuwa akiwajenga miaka yote mitatu hakuwa Paulo. Paulo anaondoka, na mjenzi anabaki.

Chuoni tulipokuwa tukijifunza ualimu, mkufunzi wetu mmoja alikuwa na namna yake ya kukagua mazoezi ya kufundisha. Wengine walikaa nyuma ya darasa, wakatazama andalio la somo, mpangilio wa ubao na zana. Yeye alikuja baada ya siku kadhaa, mwalimu-mwanafunzi akiwa hayupo, akaingia darasani na kuwauliza watoto maswali. Alama zake zilitoka vinywani mwa watoto. Wako waliokuwa hodari wa ubao, wenye sauti nzuri na watoto wakiwapenda, ambao waliambulia alama haba sana, kwa sababu watoto waliweza kusimulia jinsi mwalimu alivyochekesha lakini hawakuweza kugawanya 84 kwa 7. Mimi naamini Padre wetu ametufundisha vizuri. Mkaguzi anakuja mwezi ujao, naye hatamwuliza Padre.

Kanisa letu la Kianglikana liliwahi kulifikiri jambo hili kutoka upande wa pili. Katika zile Kanuni 39 za Imani, ya 26 inafundisha kwamba ubaya wa mhudumu hauzuii neema ya sakramenti kwa wale wanaoipokea kwa imani, kwa kuwa ahadi ni ya Kristo. Tumezoea kuitumia tunapokuwa na padre mgumu. Lakini ikiwa ubaya wa padre haupunguzi neema, basi na uzuri wake hauiongezi. Mkate atakaoubariki padre mpya, ambaye labda hataweza kuimba Misa vizuri, ni Mwili ule ule. Anayesema hatapokea kwa mkono mwingine amesema neno zito kuliko anavyodhani.

Wakorintho waliingia katika ugonjwa huu. Huyu alijiita wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa, na Paulo aliwaandikia kwa ukali akiuliza kama ni yeye aliyesulibiwa kwa ajili yao. Na huyo Apolo, mhubiri mwenye ufasaha, nani alimnyosha? Soma Matendo 18. Ni Prisila na Akila, mke na mume, walei, washona mahema kama Paulo. Walimsikia Efeso, wakaona kuna mambo hayajui, wakamchukua kwao na kumweleza kwa usahihi zaidi. Hawakumwaibisha mbele ya watu, wala hawakukaa nyuma ya kanisa wakinong’ona. Kama padre mpya atapungukiwa mahali, njia hiyo ipo, nayo hupitia nyumbani kwa mtu na sahani ya chakula.

Dayosisi yetu ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1926, inajua kuaga. Wakubwa kati yetu wanamkumbuka Askofu Trevor Huddleston. Kabla ya kuja kwetu alikuwa Afrika Kusini, katika Sophiatown, tangu mwaka 1943, akipinga ubaguzi wa rangi pamoja na watu wake. Katikati ya mapambano yale wakuu wa shirika lake la watawa walimwita arudi Uingereza. Hakutaka kuondoka, lakini alikuwa ameweka nadhiri ya utii, naye aliondoka mwaka 1956. Fikiri juu ya watu wa Sophiatown: walikuwa wakibomolewa nyumba zao, na padre wao anaondolewa. Mwaka 1960 akawekwa kuwa Askofu wa Masasi, na mwaka 1968 akaaga tena, safari hii kwa hiari yake, kwa kuwa aliona wakati umefika Mwafrika aongoze, na Askofu Hilary Chisonga akashika fimbo. Alipofariki mwaka 1998 majivu yake yalipelekwa Sophiatown. Katika kuaga kwa kwanza alitii wakubwa wake, na katika kuaga kwa pili alijiondoa mwenyewe ili wengine wasimame. Mimi huona la pili ni gumu zaidi, ingawa halikumletea sifa nyingi.

Turudi Efeso, kwa maana habari yao haikuishia bandarini. Paulo aliwaonya kwamba mbwa mwitu wakali wataingia, na kwamba hata kati yao wenyewe watainuka watu wa kuwavuta wanafunzi wawafuate wao. Miaka ilipita. Katika Ufunuo, sura ya 2, Bwana anaipelekea Efeso barua kwa mkono wa Yohana. Anawasifu kwa taabu yao na subira yao, na kwa kuwapima waliojiita mitume na kuwaona kuwa waongo. Kumbe walilinda zizi! Lakini ana neno juu yao: wameuacha upendo wao wa kwanza. Habari za mbwa mwitu walizishika, ila yale machozi ya nyumba kwa nyumba yalikuwa yamekauka. Leo Efeso na Mileto ni magofu katika Uturuki, na mito imejaza matope hata bandari ile waliyomsindikizia Paulo iko kilometa kadhaa kutoka baharini.

Kuhusu padre mpya, nasikia ni kijana, na tayari nimesikia mtu akiutaja umri wake kwa sauti isiyopendeza. Timotheo naye aliachwa Efeso hiyo hiyo akiwa kijana, mwenye tumbo lenye kuugua mara kwa mara, na Paulo alilazimika kumwandikia asikubali mtu kuudharau ujana wake. Ni dhahiri kwamba walikuwako waliomdharau. Wakati ule walikuwa wakimlinganisha na Paulo mwenyewe, kwa hiyo huyu wetu asikate tamaa.

Halmashauri ya mtaa imekaa Jumamosi iliyopita na imekubaliana haya. Karatasi ya sahihi haitapelekwa. Ahadi za mabati zinabaki kama zilivyoandikwa daftarini, na mhazini atazifuata. Risala itasomwa kwa dakika 5. Baada ya Misa tutamsindikiza Padre kwa miguu hadi stendi, kwaya ikitangulia.

Na padre mpya atakapofika, kabla hajaonyeshwa ofisi wala vitabu vya hesabu, wazee wawili pamoja na akina mama wa Umoja wa Mama watampeleka kwa wagonjwa, nyumba 9, kila mgonjwa amtajie jina lake mwenyewe. Orodha imekwisha kuandikwa. Yule mzee ni wa kwanza.