Punda wa Kastania

Katika miji ya Ujerumani, inapofika Septemba na Oktoba, watoto hutembea wakiwa wameinamisha vichwa. Wanatafuta mbegu za mti uitwao kastania ya farasi, ambao asili yake ni milima ya Balkani, nao hupandwa kandokando ya njia na katika bustani za watu wote. Tunda lake ni ganda la kijani lenye miiba. Likianguka hupasuka, na ndani yake hutoka mbegu ya hudhurungi inayong'aa kama mlango wa mvule uliopakwa mafuta jana. Mbegu hiyo ina sumu, haifai kuliwa na binadamu, na pengine ndiyo sababu imeachiwa watoto.

Watoto hurudi nazo nyumbani mifuko imetuna. Mzazi hutoa keekee ndogo, mbegu zikatobolewa, njiti za kiberiti zikatiwa. Kastania kubwa huwa kiwiliwili, mbegu ya mwaloni huwa kichwa, na kile kikombe chake huwa kofia. Sisi tuliokulia minazini hatuhitaji maelezo zaidi. Tuliokota vidaka vilivyopukutika, tukavichoma chelewa nne, tukapata ng'ombe, na ng'ombe yule alikuwa na bei. Tofauti ni kwamba mnazi hupukutisha mwaka mzima, ilhali wenzetu wale hupewa wiki chache tu kabla ya baridi. (Wapo wanaoyaita majira hayo vuli, jina ambalo kila mara hunitatiza: vuli yetu ni mvua na machipuko, yao ni mti kuvuliwa nguo.)

Miaka michache iliyopita nilikuwa Hamburg kwa binti yangu, na mjukuu wangu wa miaka sita akatengeneza punda. Alikuwa amewaona punda Unguja, wakivuta magari ya mchanga, na akataka wake awe na masikio marefu. Alikataa msaada. Keekee ilimponyoka mara moja ikatoboa ubavuni, mahali pasipohitaji mguu; akalitazama lile tundu, akasema basi, akaendelea. Punda alipokamilika alimweka katika kopo la biskuti na kumfunika, asije akapata vumbi.

Anayezijua kastania angemwambia kwamba hapo ndipo alipokosea. Mbegu ile ni mbichi, imejaa maji. Ikiachwa wazi hufifia, hunywea, na njiti hulegea mashimoni. Ikifungiwa mahali pasipopita hewa huota ukungu. Mimi sikulijua hilo. Baada ya siku kadhaa nilifungua kopo usiku, wote wamelala, nikamkuta punda amevaa manyoya ya kijivu.

Nilifanya lile ambalo babu wengi wangelifanya. Bakulini zilikuwapo kastania nyingine. Nikachagua iliyolingana, nikatoboa, nikatia njiti, nikahamisha masikio, na yule aliyeoza nikamtia katika pipa la taka. Asubuhi mtoto alifunua kopo, akamgeuza punda huku na huku, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Babu, tundu lake liko wapi?"

Tangu siku ile swali hilo limenikaa. Je, nilitenda wema au nilitenda uovu? Na ikiwa ni uovu, ulikuwa wapi hasa?

Mtu anaweza kusema kwamba kosa ni kubadilisha: punda wa pili si yule wa kwanza, basi nimempa mtoto kitu cha bandia. Wayunani wa kale walijadiliana sana juu ya merikebu ya Theseus, iliyotiwa mbao mpya kila ya zamani ilipooza, wasikubaliane kama ni ile ile. Lakini kwa mtu wa pwani jambo hilo halina utata mkubwa. Jahazi hupandishwa bandarini, ubao uliooza ukatolewa, mwingine ukapigiliwa, kalafati ikatiwa upya. Mwaka huu taruma, mwaka kesho ubao wa ubavuni. Huenda baada ya miaka ishirini kilichobaki cha asili ni mkuku tu. Na bado watu huliita kwa jina lake, nahodha hulipanda bila ya wasiwasi, wala hapana anayejiona amedanganywa.

Kwa nini? Naona ni kwa sababu kila ubao hubadilishwa mchana. Mwenye chombo yupo, nahodha yupo, hata watoto wanaookota vipande vya mbao wapo. Jina hubaki kwa sababu wanaolitumia wanajua kilichotoka na kilichoingia. Mimi nilifanya kazi ya fundi kwa saa ya mwizi. Lau ningelimwamsha mjukuu wangu tukamtia punda kiwiliwili kipya pamoja, yeye akishika kichwa na mimi nikitoboa, angelikuwa punda yule yule, na pengine angelitoboa tundu la ubavuni kwa makusudi.

Wasomaji wa mashairi wanaijua dhambi hii kwa sura nyingine. Mnakili hukuta neno limeliwa na mchwa. Akitia lake na kuweka alama, amelihudumia shairi. Akitia lake kimya, vina vikakaa sawa na mizani ikatimia, amelitia shairi tundu lisiloonekana.

Nitajibiwa kwamba nilimhurumia. Ni kweli, na huruma si jambo dogo. Lakini nikijichunguza vyema, nilichokimbia ni uso wake. Nilitaka niepukane na asubuhi ngumu, nikaiita hali hiyo huruma. Wala si mara ya kwanza watu wazima kuwaficha watoto jambo juu ya mbegu hizi. Mwaka 1917 watoto wa Uingereza waliombwa wakusanye kastania kwa ajili ya vita, bila ya kuambiwa waziwazi za nini. Zilikusudiwa kutengenezea asetoni, iliyohitajika katika baruti ya mizinga. Zikakusanywa kwa maelfu ya tani, nyingine zikaoza zikiwa malundo katika vituo vya reli, na zilizofika kiwandani King's Lynn hazikutoa matokeo yaliyotarajiwa. Silinganishi vita na kopo la biskuti. Nasema tu kwamba mtoto aliyeinama kuokota alistahili kuambiwa.

Basi nilimwambia. Nilimweleza ukungu, bakuli, usiku na pipa. Alikwenda kuangalia pipani. Lilikuwa limekwisha kumwagwa. Hakulia, na nafikiri ningelipumua vizuri zaidi lau angelilia. Alichukua keekee, akakaa muda mrefu nayo mkononi juu ya punda wangu, kisha akairudisha mahali pake bila ya kutoboa.

"Huyu ni wako, Babu," akasema, akamsukuma upande wangu wa meza.

Ninaye hapa Unguja, juu ya kabati la vitabu, pasipo kopo. Amenywea, rangi imefifia, na miguu miwili imeanguka. Njiti zote mbili nimeziokota na kuzihifadhi. Sijazirudisha, nangoja nimuulize kwanza.